Siku Mbili za Mgeni

Ndege ilitushusha Leh saa moja asubuhi,
na mimi, mkaidi wa kuzaliwa,
nikazipanda ngazi za nyumba ya wageni mbili mbili,
begi mgongoni,
kama mtu anayelidai paa.

Ngazi ya tisa, pumzi ikanikana.
Moyo ukagonga mbavu
kama mpangaji aliyefungiwa nje.

Mama Rigzin alikuwa akianika aprikoti.
Hakukimbia kunishika. Aliitazama midomo yangu,
rangi yake, si maneno yake,
kisha akanyoosha vidole viwili.
Siku mbili. Kitanda. Maji.
"Milima haihami," alisema.
"Bibi yangu aliikuta, naye akaiacha."

Nilikuwa na orodha: monasteri, ziwa,
ile njia ya juu ambayo wenzangu walikwishaipiga picha.
Nilikuwa na vidonge pia, mfuko wa pembeni,
ambavyo daktari aliniagiza nianze kuvimeza jana yake.

Basi nikalala.
Nikahesabu mihimili ya dari: kumi na minne,
halafu kumi na mitatu, halafu nikaacha.
Supu ya shayiri ikaja. Ikaja chai ya siagi na chumvi,
nikanywa nusu kwa adabu
na nusu kwa kiu.

Duarte, Mreno wa chumba cha pili,
aliucheka usingizi wangu, akakodi pikipiki.
Alfajiri Tsewang alimrudisha kwa gari lake,
uso majivu, mtungi wa oksijeni mapajani
kaupakata kama kichanga.
Hakufa. Mchana walimpandisha ndege ya Delhi.
Soksi zake zilibaki kwenye kamba,
na hakuna aliyetaka kuzianua.

Kwetu husema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Siku zote nilidhani ni maneno ya mwenyeji aliyechoka.
Kule juu nikayasikia upya:
mgeni ulikuwa mwili wangu,
na damu ilikuwa ikiomba kile aombacho mgeni yeyote,
mkeka, maji,
na siku mbili bila kuulizwa unakwenda wapi.

Asubuhi ya tatu Mama Rigzin alinipa jembe.
Jembe kweli, mpini umelainishwa na viganja vya watu.
Tukauzibua mfereji wa shamba la shayiri,
maji ya theluji yakitupita vidoleni,
na kila nilipoharakisha
alikohoa kidogo.