Kibuyu Namba Kumi na Saba

Tulipanda ngazi za bustani, mimi na mama mkubwa Twilumba,
yeye akihesabu mipaina kama mtu atakayeulizwa getini.
Baridi ya Julai. Mawaridi yameungua ncha.

Ndani, nyuma ya kioo: kibuyu,
ufa wake umeshonwa kwa nyuzi za katani.
"Usiguse," mlinzi akasema.
"Sigusi, baba. Ila aliyeziba hapa
aliruka tundu la nne."

Akainama mpaka pumzi yake ikatia kioo ukungu,
kana kwamba harufu ya togwa ingepenya.

Tulipotoka, Iringa yote ilikuwa chini yetu,
mabati, minara,
Ruaha Mdogo kama uzi ulioanguka.
Hakuitazama.
Mkono wake, ndani ya kitenge,
ulikuwa unafunga fundo.