Njia Tatu Kichwani

Atlasi ni ya Bosibori, ya darasa la sita,
jalada liliondoka zamani, na Ziwa Turkana limemwagikiwa chai
likawa kubwa kuliko lilivyoumbwa.
Tunaifunua Jumapili usiku, vyombo vikishaoshwa,
wewe na penseli, mimi na rula,
hapa Ngumo, mlango wa tatu kutoka kwa muuza makaa.
Stima ikipotea tunawasha simu, safari inaendelea.

"Tulale Isiolo," nasema.
"Tupite Isiolo. Nani huenda likizo akalale njiani?"
Mimi nimezoea kusimama kila ghorofa.

Mwaka wa kwanza tulifika Laisamis kwa penseli,
pesa zikaishia Hospitali ya Kenyatta, kitandani kwa mama yako.
Mwaka wa pili, karo.
Mwaka wa tatu hatukusemezana sana, tulifuta tu,
mpaka karatasi ikatoboka pale Marsabit
tukachungulia Kongo, ukurasa wa nyuma.

Mchana mimi hushinda Upper Hill, ndani ya shimo la lifti,
grisi hadi viwikoni, nikikaza nyaya
zinazowapandisha watu wasionijua.
Wewe uko Soko la Kenyatta, umesimama tangu saa mbili,
vidole vikienda na kurudi kwenye vichwa vya watu;
jioni huwezi kufungua hata kifuniko cha jemu.
Ndiyo maana uliponiuliza nataka kuona nini
nilisema: mahali pasipo na ghorofa ya pili.
Ukasema: mahali watu wamejifunga vilemba.

Mkebe wa kahawa ukajaa mwezi wa nane.
Basi lilitutoa Eastleigh kabla ya adhana.
Ulibeba chapati kumi na nane, na mwavuli.
"Mwavuli jangwani, Kwamboka?"
"Jua nalo hunyesha," ukasema,
ukawa sahihi siku zote nane.

Isiolo tuliipita umelala begani kwangu.
Sikukuamsha.
Nilihesabu kwamba tumelala Isiolo.

Kisha Chalbi. Sijui niisemeje.
Sakafu ya chumvi, na mbingu imeketi juu yake bila nguzo.
Nikatafuta kitufe cha kubonyeza, nikakosa.
Nikalala chali, nikacheka kama mtu aliyezidishiwa chenji;
ukapiga picha ya viatu vyangu, hiyo moja tu,
halafu simu ikafa na hakuna aliyeililia.

Siku ya tano ulikuja ukaketi katikati ya magoti yangu,
ukaninyoshea kichana.
"Nisuke."
"Mimi ni fundi wa lifti."
"Kwani nyaya si nyaya?"
Nikagawa. Nikashika. Nikakuumiza nyuma ya sikio,
ukasema endelea.
Saa nzima, njia tatu:
moja ilielekea kaskazini,
ya pili ikakata kona ikaishia kusikojulikana,
ya tatu, ah, ya tatu ilikuwa na matuta kama barabara ya mtaani kwetu.
Sikuwa nimekigusa kichwa chako muda mrefu hivyo
tangu ile homa ya mwaka tuliooana.

Jumatatu ukarudi sokoni nazo, hivyo hivyo.
Kemunto wa kiti jirani akaziba mdomo:
"Nani amekufanyia ukatili huu?"
Wateja wakacheka. Mmoja akajitolea kuzifumua bure.
Ukasema, ziacheni, bado niko likizoni.
Wiki mbili ukazunguka nazo Nairobi,
nami kule shimoni, kati ya ghorofa ya saba na ya nane,
nikikumbuka ile ya pili na kona yake,
nacheka peke yangu hadi msimamizi anaita kutoka juu:
"Musili, uko salama?"

Jana umezifumua. Kitu cheupe kikadondoka mezani.
Nikasema, chumvi ya Chalbi.
Ukasema, ni mba.
Ukakipuliza, ukachonga penseli, ukafunua upande wa kusini.

"Tulale Voi?" nikauliza, kwa mazoea tu.
Uliitazama rula yangu kwa muda.
"Haya," ukasema. "Tulale Voi."