Pua Chini ya Daraja

Chini ya daraja la Ukanda Mkuu, Denmark, tumefunga pua.
Ni kisanduku cha bati, ukubwa wa mzinga wa nyuki.
Hakina macho, hakisomi majina ya meli;
hunusa tu kila bomba linalopita,
kisha huniandikia mimi, Asger Riisbjerg,
hata saa tisa za usiku:
huyu safi. Huyu safi.
Huyu, nenda ukamwone.

Leo imeitaja Aglaia, shehena ya mbolea,
bendera ya kisiwa ambacho nahodha hajakikanyaga.
Husemwa bendera hufuata upepo.
Siku hizi bendera hufuata bei;
upepo tumeuachia moshi.

Nilipanda na chupa zangu tatu.
Chumba cha injini, joto la tanuri,
na injinia wa pili, Rodelio Magbanua,
akafungua koki ya sampuli kabla sijaomba.
Dizeli ikatiririka, nyepesi, rangi ya chai kavu.
Moja katika elfu: hicho ndicho kipimo chetu cha salfa,
na chupa ingenijibu ndiyo.

Lakini kichujio nilikifungua mwenyewe.
Mficha maradhi, kilio humuumbua:
kilikuwa kimekaba tope jeusi, zito,
lenye harufu ya yai lililosahauliwa.

Hakubisha. Alijifuta mikono, akaketi kwenye ndoo.
"Dizeli ilikuwa inapungua," alisema.
"Kampuni ikaandika: subirini bei ya Gdansk.
Basi usiku nikafunga vali hii, nikafungua ile.
Kabla ya nanga nikarudisha."
Akanionyesha daftari. Mwandiko mzuri,
saa zote zimeandikwa, isipokuwa zile.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Huu wetu una meno hadi digrii tano magharibi,
nje ya Mlango wa Uingereza.
Hapo Rodelio hufungua vali bila kosa lolote,
na moja katika elfu hugeuka tano.
Msumeno ule ule, upande wa ufizi.

Nisiidharau, hata hivyo.
Mama mkwe wangu Bodil, pale Korsør,
zamani alifuta dirisha la jikoni kila asubuhi
na kitambaa kilirudi kama cha fundi gereji.
Sasa hufuta Jumamosi, kwa mazoea tu,
huku akilalamika kuwa hakuna cha kufuta.
Hilo limefanywa na karatasi, na saini,
na watu waliobishana miaka kumi juu ya nukta moja.

Ila kuna meli ambazo pua haizitaji kamwe.
Huuosha moshi wao kwa maji ya bahari,
na wakishavuka maji yetu
huyarudisha kule kule walikoyachota.
Hewa inapata alama mia.
Samaki hatujawafungia kisanduku.

Nikaandika ripoti, nakala nne.
Faini itafika baada ya miezi kumi na minne,
ndogo kuliko walichookoa usiku mmoja,
na atakayekatwa mshahara, nadhani, si kampuni.
Nililiandika jina lake polepole,
nikitumaini kalamu ingeisha wino.

Alinisindikiza hadi ngazini.
Juu yetu bomba lilikuwa limenyamaza,
shakwe wawili wamekaa ukingoni wakiota joto.
"Kile kisanduku chenu," akaniuliza, "ni bei gani?"
Nikadhani ananikejeli.
"Nyumba yetu Iloilo inatazama njia ya meli.
Hakuna daraja, lakini kuna mnara wa kanisa."

Nikamtajia bei.
Hakucheka, wala hakuguna.
Alitoa kalamu mfuko wa ovaroli,
akatafuta penye nafasi safi kwenye kiganja,
akakosa,
akaiandika juu ya mkono.