Ritifaa

Karani wa ardhi hakunikosea adabu.
Alivua miwani, akaifuta kwa tai,
akasema: Mama, hawa ni watu watatu.

Nilimletea karatasi tatu ndani ya mfuko wa sukari.
Ya kwanza, ya Mjerumani, imeliwa pembe na mende:
*Nguagi*, mpagazi wa boma.
Ya pili, stakabadhi ya kodi ya kichwa, ya Mwingereza:
*Mwagi*, shilingi kumi, imelipwa, muhuri wa zambarau.
Ya tatu, kadi ya kiwanja cha Igombe
tulichoonyeshwa kwa kidole
siku tulipoteremshwa kutoka kule juu penye mawe na upepo
ili wazungu walale bila mbu:
*Wagi*.
Hapo jina limeshalika kama kisigino.

Babu yangu aliitwa Ng'wagi.
Ng'wagi wa Lutonja.
Kilichopotea ni alama ndogo kama kinyesi cha inzi.

Mjerumani hakuisikia.
Mwingereza aliisikia, akadhani ni kikohozi.
Ng'ombe nao waliandikwa bila ritifaa,
lakini wenyewe walihesabiwa sawasawa:
saba mwaka wa kodi, watatu mwaka wa njaa,
hakuna hata mmoja aliyeponea kwenye tahajia.
Na pamba ya babu ilipopanda mizani ya gineri
ratili zake zilishuka.
Nani angelalamika?
Aliyedhulumiwa alikuwa Mwagi.
Ng'wagi hakuwa kwenye daftari.

Mama alinifunza jikoni, nikipepeta ulezi:
*ng'* haitoki midomoni.
Rudisha ulimi nyuma, ziba, iache ipite puani,
kama mtu anayetaka kumeza kitu
na hajaamua.
Nilishindwa wiki nzima. Shule ilikwisha kunifundisha kufungua mdomo.

Hata mji huu, wanasema, ulikuwa Ng'wanza,
yaani ziwani, basi,
pale mtu anapokwenda na mtungi.
Mgeni akalishika neno kwa meno ya mbele.
Ziwa akalivisha jina la mwanamke
ambaye hakuwahi kulowa pindo hapa,
na lile jiwe lililosimama juu ya wenzake majini
likapewa jina la bwana mmoja wa Berlini.
Nilimuuliza mama: kabla yake liliitwaje?
Akashangaa.
Lilikuwa jiwe, akasema. Nani alilidai jina?

Nenda kwa wakili, karani akaniambia,
uape kwamba hawa watatu ni mtu mmoja.
Elfu ishirini, pamoja na muhuri.
Kifuani kwake kibandiko: S. WANDU.
Wandu wa wapi? nikamuuliza.
Akacheka chini chini, akatazama mlango.
Ng'wandu, Mama. Kwetu Magu.
Ila mfumo haukubali ile alama.
Ukiiweka unakuandikia kwa wekundu:
*herufi batili*.

Nikaenda. Wakili ana feni mbovu na haraka nyingi.
Nikainua mkono nikaapa
kwamba Nguagi na Mwagi na Wagi ni mmoja,
na nilipokuwa naapa nilijua nasema kweli
na nilijua nasema uongo,
kwa kuwa wa nne, yule waliyezaliwa kwake
kupitia masikio ya watu wengine,
hayumo kwenye kiapo.

Niliporudi foleni ilikuwa imekwisha.
Karani akapiga mhuri, akanisukumia nakala nisaini.
Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye meza,
uzi mfupi, ilibidi niiname.
Nikasaini.
Halafu, juu ya lile jina lililochapwa,
nikaandika upya herufi mbili zilizokosekana,
na kati yao na zile zilizobaki
nikadondosha nukta yenye mkia.

Ng'wandu aliona.
Aligeukia dirishani, upande wa ziwa,
akakaa hivyo
mpaka wino ulipokauka.