Ya Ishirini

Saa tatu usiku, kila usiku, miaka kumi na mitatu,
nameza kidonge kimoja kwa maji ya bomba.
Kengele ya simu ikilia nimeshameza.
Muuguzi Corazon hunigeuzia kioo cha kompyuta:
"Virusi havionekani, Bwana Mwakitwange. Tena."
Hiyo "tena" huitamka kama anamsifu mtoto aliyefaulu hesabu.
Halafu hunusa koti langu.

Miaka kumi na mitatu nimemfungia mgeni chumbani,
amelala, hakohoi, hadai hata chai;
na huku mlangoni nampokea mwingine kwa mikono miwili,
namwashia moto mwenyewe,
pakiti moja kwa siku, mbili nikilipwa.

"Ulianza lini?"
Siku ileile, nikamwambia.
Nilitoka kwa daktari na karatasi imekunjwa mara nne,
nje nikamkuta Ghislain wa Uvira.
Hakuuliza nina nini. Alinipa sigara.
Kanisani huuliza mbona umekonda.
Kazini huuliza hiyo miadi ya hospitali haiishi?
Moshi huuliza kitu kimoja tu: una kiberiti?

Tulivutia nyuma ya kiwanda cha nyama, jino likigonga jino,
Winnipeg, nyuzi thelathini na nne chini ya sufuri,
hujui kipi moshi, kipi pumzi.

Corazon hakunihubiria.
"Kwa hesabu zangu," alisema, macho kwenye faili,
"hutakufa kwa kile unachokiogopa."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akanibandika plasta begani, ya rangi ya ngozi:
ngozi ya nani, sijui.
Usiku ule nikaota nimo ndani ya basi
na abiria wote ni madaktari, wamevaa kanzu za baba yangu.

Siku ya tisa supu ya kantini ilikuwa na chumvi kupita kiasi.
Nikaulizia. Wakasema ndivyo ilivyo siku zote.
Kumbe ulimi wangu ndio uliokuwa haupo.

Siku ya kumi na saba wakanipigia simu: Ghislain.
"Si ule ugonjwa," wakasema upesi, kama wanaomfuta vumbi.
"Mapafu."
Nikaenda dukani, Mtaa wa Sargent,
nikavuta moja kwa ajili yake,
moja kwa ajili yangu,
ya tatu sijui ya nani.

Kwa Corazon nilirudi na uso wa mtu aliyeiba.
"Ngapi?"
"Kumi na tisa."
"Na vidonge vya usiku?"
"Sijakosa hata kimoja."
"Basi kumbe unaweza," akasema, akavuta droo.

Leo ni siku ya nne, hesabu mpya.
Bega la kushoto linawasha.
Mikono haina kazi; naipa chungwa, naipa funguo, naipa mfuko.
Nyuma ya kiwanda wenzangu wameniachia pahali pangu ukutani.
Nikasimama nao. Kilichonitoka kinywani
kilikuwa cheupe kama chao, kikapanda kama chao,
hakuna aliyejua.

Ile ya ishirini iko juu ya friji, kando ya chupa ya vidonge.
Sijaitupa. Nisidanganye.
Saa tatu usiku naunyoosha mkono,
unaifikia, unasita,
unachukua chupa.