Kilo za Jezi

Rimgaudas ameanza tena, hata glavu hajavua,
mlango wa chumba cha kufulia kauacha wazi
na baridi yote ya Utena imeingia nyuma yake:
"Saba! Danguolė, nani mwingine kama si Saba?
Pointi thelathini na moja jana,
ile ya mwisho kaitupia mbali kule,
kama mtu anayerushia kofia kitandani."

Žydrūnė wa hesabu hainui kichwa.
"Gawanya," anasema. "Alirusha mara ngapi?
Mimi nipe Kumi na Nne.
Pointi sita, sawa. Na mtu aliyemkaba alipata ngapi?
Nne. Mbili kati ya hizo za adhabu."

Wanabishana hivi tangu theluji ya kwanza.
Duka la mikate limeweka sanduku la kura,
kadibodi iliyovishwa karatasi ya kijani,
mwisho Ijumaa: nani ana thamani zaidi kwa timu yake?
Kwa timu, Žydrūnė hukazia,
akilipigia neno mstari kwa ukucha.

Mimi nafua.
Miaka kumi na tisa nafua jezi za klabu hii,
na jezi haimdanganyi anayeifua.
Ya Saba huja na jasho la mgongoni, na manukato,
pengine na rangi ya mdomo ya shabiki begani.
Ya Kumi na Nne huja na sakafu.
Namaanisha sakafu yenyewe: nta, vumbi,
alama nyeusi ya kiatu kifuani,
damu, na si mara zote damu yake.
Naisugua kwa sabuni ya mche na maji baridi,
maji moto huipikia damu palepale,
huku namuuliza, mwanangu, leo uliangukia nini?

Basi nilikuwa upande wa Žydrūnė.
Mwenye macho haambiwi tazama.

Januari, Saba akateguka kifundo cha mguu.
Mechi tatu jezi yake ilinirudia kavu,
imekunjwa pembe kwa pembe, inanukia sabuni yangu mwenyewe.
Niliifua tena. Sijui kwa nini. Haikuwa na kosa.

Sasa, sisi hutoza kwa kilo.
Kikapu hupanda mizani kabla ya mashine,
naandika daftarini, yamekwisha, siwazi.
Jezi na bukta za watu kumi na wawili:
kilo tano, tano na robo.
Zile mechi tatu, kumi na mmoja wametoka jasho na mmoja hakuvaa:
sita na nusu.
Sita na robo tatu.
Saba kasoro.

Nikapangua kikapu, nikapima moja moja kama muuza nyama.
Ya yule kijana Ąžuolas,
ambayo zamani ilirudi karibu kama ilivyokwenda,
ilikuwa inachuruzika.
Ya kapteni imechanika kwapani.
Ya Kumi na Nne, Mungu wangu,
nzito kama mbwa aliyetolewa ziwani.
Mzigo aliokuwa akiubeba Saba huku anacheka
wamegawana migongo kumi na mmoja, na bado ukabaki.
Walifungwa zote tatu. Lakini hayo yako gazetini.
Kilo ziko kwangu.

Sijamwambia Rimgaudas,
angelipasua boila kwa furaha.
Sijamwambia Žydrūnė,
angeliomba daftari, kisha angegawanya.

Alhamisi jioni nimesimama mbele ya sanduku,
kalamu ya duka imefungwa kwa uzi mfupi mno,
inabidi niiname kama ninayesali.
Nimeandika 7.
Nikaikumbuka ile damu isiyokuwa yake.
Nikakata, nikaandika 14.
Nikakata na hiyo.
Nyuma yangu mtu anakohoa, anataka mkate mweusi na njia.
Karatasi haina tena pa kuandika.
Saba anarudi uwanjani Jumamosi, wanasema.
Nimeitia kura mfukoni mwa aproni.
Jumapili, kikapu kikipanda mizani, nitaitazama tena,
na sanduku litakuwa limekwishafungwa.