Athari, Sura ya Nne

Saa kumi na moja alfajiri, joto limeshaamka.
Biju amesimika kipima kelele juu ya miguu yake mitatu,
ameandika: trekta moja, mbwa wawili, adhana.
Desibeli arobaini na moja.
Huo ndio ukimya wa kijiji hiki nyuma ya Ibra,
nami nimelipwa niupime
kabla haujauzwa.

Mradi: machimbo ya kokoto.
Hekta kumi na nane za jabali,
baruti mara mbili kwa wiki,
malori sitini kwa siku, ajira ishirini na sita.
Walinzi wanne walihesabiwa mara mbili. Nimewatoa.

Nimeandika ripoti kumi na moja kabla ya hii.
Naijua lugha yake. Haina mtu ndani.
Vumbi litadhibitiwa. Maji yatafuatiliwa.
Kitenzi kimejifunika gubigubi,
hujui nani atashika ndoo.

Falaji naipima kwa mchezo wa watoto:
mita kumi za mfereji, saa ya mkononi,
jani la ndimu linaelea.
Sekunde thelathini na nane.
Mara ya pili hamsini na moja,
limekwama kwenye vidole vya kijana mmoja
aliyetia miguu majini, ananikodolea bila haya.
Nimeandika thelathini na nane.

Bi Ghania alinisikia nikimwambia mama kwenye simu
"n'tachelewa, msinisubiri,"
akanijia na Kiswahili cha Ng'ambo,
kile kilichopanda meli pamoja na masanduku
na hakijabadili mshono tangu siku hiyo.
"We mtoto, waandika nini?"
"Athari, bibi. Athari za mradi."
"Ahaa."
Akahesabu kwa kidole gumba.
"Basi mimi ninazo tatu.
Mbili za baba, moja nimeinunua
kwa bangili zangu. Niandike."

Ilinichukua muda.
Huku, athari ni nusu saa ya maji.
Kivuli kikifika jiwe hili mfereji wako,
kikifika lile si wako tena.
Kwa neno hilo watu wanarithi, wanaozesha,
wananuniana hata safu ya sala.
Kwangu mimi ni safu ya tatu ya jedwali:
ndogo, wastani, kubwa.

Sikumsahihisha.
Niliandika jina lake, la baba yake,
na zamu yake: Jumanne, baada ya alasiri.

Usiku Mhandisi Hilali akapiga kutoka Maskati.
Ni mtu mwema, sitamsingizia;
nilipojifungua alinishikia kazi yangu miezi mitano.
"Sura ya nne," akasema, "pale kwenye maji.
'Kubwa' ni neno zito. Weka 'wastani.'
Mteja ana haraka."
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni mwake.
Nikasema nitaangalia.

Nimeangalia.
Kiyoyozi cha hoteli hii ya barabarani kinakohoa.
Nimefuta "kubwa," nimeweka "wastani,"
nikatembea nalo chumbani kama viatu vya kuazima.
Wastani wa nusu saa ni nini?
Mitende mingapi inywe, mingapi iambiwe kesho?

Nimefuta na hilo. Nimeandika:

Baruti italipuliwa mita mia tatu kutoka kisima mama.
Mwamba unaweza kufungua ufa tusioujua,
na maji hupenda njia fupi.
Ghania binti Nasori ana athari tatu.
Huenda zikabaki mbili. Huenda likabaki neno tu.
Mimi niliyepima sina kipimo cha hilo.

Niliyepima. Nimeliacha lilivyo,
na mtu wake ndani.

Hilali atapiga saa mbili asubuhi.
Huenda atayafuta yote; ripoti ni ya kampuni,
nami nina mkopo wa gari na mtoto wa chekechea.
Ila ili ayafute
itabidi ayasome.

Biju anauliza kupitia ukutani kama tumemaliza viambatisho.
Bado kimoja:
jani la ndimu, limekauka,
sekunde thelathini na nane.